Kabla Nepi Haijafungwa

Siku ya kliniki mtoto wa kiume hupita mikononi mwa watu wengi. Huvuliwa nguo, huvishwa kile kisuruali cha kupimia na kuning'inizwa kwenye mzani, akalia mpaka mshale utulie, muuguzi akaandika. Kisha huchomwa sindano pajani, hutiwa matone mdomoni, na mama humfunga nepi, akambeba na kuwahi usafiri kabla jua halijawa kali. Katika dakika zile ambazo mtoto yuko uchi mbele ya watu waliosomea kazi hiyo, mara nyingi hakuna anayegusa mfuko wa korodani kuona kama zimo mbili.

Kazi hiyo haitaki mashine. Inataka vidole vyenye joto na dakika moja ya utulivu. Kwa kuwa haifanywi, wapo wavulana wanaogundulika kuwa na korodani moja siku wanapopelekwa jandoni. Wengine hugundulika wanapopimwa afya ili wajiunge na jeshi, na wengine baada ya kuoa na kukaa miaka bila mtoto. Hawakuipata hali hiyo ukubwani. Walizaliwa nayo, na wengi wao mama zao waliwapeleka kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Wala si jambo la nadra. Katika kila watoto wa kiume 100 waliozaliwa mimba ikiwa imetimia, takribani watatu huzaliwa korodani moja au zote mbili zikiwa hazijafika mahali pake. Kwa watoto njiti idadi hupanda sana, hufikia hata 30 katika kila 100. Kwa wengi wao korodani hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo, na mtoto akifikisha mwaka mmoja hubaki mmoja hivi katika kila 100. Ni kusema kwamba shule ya msingi yenye wavulana 500 ingeweza kuwa na watano ambao hawakuwahi kushikwa na daktari wala kuulizwa lolote.

Korodani haianzii pale tunapoijua. Huumbika juu tumboni, jirani na figo, na hadi wiki ya sita ya mimba huwezi kujua kama tezi ile itakuwa korodani au ovari. Jeni moja iliyomo kwenye kromosomu Y ndiyo inayoamua. Korodani ikishakuwa korodani, huanza kutoa homoni zake yenyewe, na homoni hizo ndizo zinazoipa ruhusa ya kusafiri. Kufikia wiki ya 15 hivi imeshuka hadi karibu na kinena, ikapumzika hapo kwa miezi kadhaa. Hatua ya pili, ya kupenya kwenye mfereji wa kinena na kuingia mfukoni, hufanyika kati ya wiki ya 25 na ya 35. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 huonekana na mfuko mtupu: safari yake ilikatishwa na uchungu wa mama kabla haijaisha.

Kuna mshipi laini unaoiongoza korodani katika safari hiyo. Aliyeueleza kwa makini ni mpasuaji mzaliwa wa Scotland, John Hunter, mwaka 1762, baada ya kupasua maiti nyingi za watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa. Mshipi huo unapofanya kazi yake sawasawa, korodani hufuata njia moja tu. Usipofanya sawasawa, mambo mawili huweza kutokea, na si kitu kimoja. Korodani inaweza kukwama katika njia yake halali, ama bado tumboni, ama ndani ya mfereji wa kinena, ama mlangoni pa mfuko. Au inaweza kutoka kinenani salama kisha ikapotea njia: ikalala chini ya ngozi pembeni mwa kinena, au pajani, au juu ya shina la uume, au nyuma kwenye msamba ambako mtoto akikua ataikalia kila siku. Mara chache mno huvuka na kuingia upande wa mwenzake, upande mmoja ukawa na mbili na wa pili ukabaki mtupu.

Kwa nini iteremke hata kidogo? Tembo dume hana mfuko wa nje. Korodani zake hukaa karibu na figo maisha yake yote, na anazaa. Pimbi naye ni vivyo hivyo, na jogoo kadhalika. Lakini binadamu, ng'ombe, mbuzi na mbwa wameumbwa kwa mpango mwingine, ambapo utengenezaji wa mbegu za kiume unahitaji mahali penye ubaridi kuliko tumboni. Ndani ya mwili joto ni nyuzi 37, na mfukoni hupungua kwa nyuzi mbili hadi nne. Ni tofauti ndogo, lakini seli zinazozaa mbegu zinaihisi. Korodani iliyobaki kwenye joto la tumbo huanza kuzipoteza seli hizo mapema, na dalili zake huonekana kwa darubini mtoto akiwa bado hajaanza kutembea.

Wafugaji wanalijua jambo hili tangu zamani. Mnadani mnunuzi wa beberu humshika kwanza huko nyuma kabla hajataja bei, na beberu mwenye kende moja hanunuliwi kwa ajili ya kupanda, maana ana hatari ya kurithisha. Huwa najiuliza ilikuwaje mbuzi wakapata ukaguzi ambao watoto wetu hawaupati.

Ukaguzi wenyewe ukiutazama ukifanywa na mtu anayeujua, unashangaa ulivyo mwepesi. Mtoto amelazwa chali, chumba hakina baridi, magoti yamekunjwa na mapaja yako wazi. Muuguzi anasugua viganja hadi vipate joto, anapaka mafuta kidogo. Kwanza haugusi mfuko, anautazama: upande usio na kitu huwa umenywea, hauna mikunjo, wakati mwenzake umejaa. Kisha mkono wa kushoto unaanzia kwenye mfupa wa nyonga, unateleza taratibu kwa kukandamiza kidogo, ukifuata mstari wa kinena kwenda chini, na vidole vya mkono wa kulia vinasubiri mlangoni pa mfuko. Korodani ya mtoto mchanga haizidi punje ya karanga. Ikiwepo kinenani, utaihisi ikiteleza chini ya vidole kisha inakimbia. Kati ya watoto watano wenye tatizo hili, wanne korodani yao hupatikana kwa vidole hivyo hivyo.

Sababu ya kupasha mikono joto ni kwamba kuna msuli unaoivuta korodani juu mtoto anaposikia baridi, anapoogopa au anapoguswa paja. Kwa hiyo wapo watoto wenye korodani inayopanda na kushuka: leo ipo, kesho haipo. Mama mwenye macho huiona mtoto akiwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, msuli ukiwa umelegea. Ikishuka humo na kutulia mfukoni, hiyo si ya kupasua. Inatakiwa tu iangaliwe kila mwaka hadi abalehe, kwa sababu chache kati ya hizo hupanda na kugoma kurudi mtoto anapokua, na hapo mvulana wa miaka minane anakuwa na tatizo ambalo hakuwa nalo akiwa na miaka miwili.

Nyumbani, mama akisema ameona upande mmoja ni mtupu, jibu la bibi ni moja kuanzia Tanga hadi Kigoma: itashuka yenyewe akikua, mwanangu, usimtie mtoto kisu. Bibi hakosei kwa miezi sita ya kwanza. Katika miezi mitatu ya mwanzo mwili wa mtoto wa kiume hupandisha homoni zake kwa muda, kana kwamba unajaribu kubalehe kidogo, na korodani nyingi zilizochelewa humalizia safari yake wakati huo. Baada ya miezi sita uwezekano wa kushuka yenyewe ni mdogo sana. Wanaomsubiri mtoto afikishe miaka mitano, au jando, au "akili zikomae", wanasubiri kitu ambacho hakiji.

Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2014, na ile ya wenzao wa Ulaya inakubaliana hapo: mtoto ambaye korodani haijashuka akiwa na miezi sita apelekwe kwa daktari wa upasuaji, na upasuaji ukamilike kabla hajapita miezi 18. Ukiitazama kadi ya chanjo ya Tanzania au ya Kenya, dirisha hilo linaangukia mahali pazuri kabisa. Mtoto huja wiki ya sita, ya kumi na ya 14, kisha miezi tisa kwa surua na rubela, na miezi 18 kwa dozi ya pili. Hakuna haja ya kumwita mzazi aje kwa siku ya ziada. Mtoto yupo, muuguzi yupo, nepi imefunguliwa. Sioni kisingizio chochote cha wizara yoyote ya afya katika ukanda huu kushindwa kuongeza mstari mmoja wa kujazwa tarehe ya miezi tisa: korodani zimeshuka, ndiyo au hapana.

Kuna pesa mbili hupotea njiani, na nizitaje. Ya kwanza ni ya altrasaundi. Mzazi huambiwa akapige picha kwanza, anazunguka wiki tatu akitafuta fedha, na picha ikija haibadilishi chochote: korodani iliyo kinenani ilikuwa inashikika kwa mkono, na iliyo tumboni picha hiyo mara nyingi haiioni hata kama ipo. Miongozo niliyoitaja inasema wazi kwamba mtoto apelekwe kwa mpasuaji bila kusubiri picha. Ya pili ni sindano za homoni za kuiteremsha. Zilitumika sana zamani, matokeo yake ni hafifu, na miongozo hiyo ya Marekani haizipendekezi tena.

Upasuaji wenyewe una umri mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1877, mjini Edinburgh, daktari Thomas Annandale alifanikiwa kuiteremsha korodani ya mvulana mdogo iliyokuwa imepotelea kwenye msamba na kuishona mahali pake. Hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kufanikiwa. Aliweza kwa kuwa mji ule ule ulikuwa umeanza kutumia dawa za kuua vijidudu kwenye vidonda kwa njia ya Joseph Lister. Waliojaribu kabla ya hapo walishindwa na usaha.

Siku hizi mtoto hulazwa asubuhi na jioni akarudi kwao. Huzuiwa kula saa kadhaa kabla, maji matupu yakiwa ya mwisho kukatazwa, hupewa dawa ya usingizi, na mara nyingi huongezewa ganzi ya kiunoni ili aamke bila maumivu. Daktari hukata mstari mfupi kwenye mkunjo wa kinena, ambao baada ya mwaka utautafuta kwa shida. Huko ndani mara nyingi hukuta kifuko cha utando wa tumbo kilichofuatana na korodani na kubaki wazi, ambacho kingekuja kuwa ngiri. Hukitenganisha na kukifunga. Kazi ya polepole ndiyo inayofuata: kuzichambua nyuzi zinazoishikilia mishipa ya damu na mrija wa mbegu, moja baada ya nyingine, ili urefu upatikane bila kuvuta kwa nguvu. Mshipa wa damu wa mtoto wa mwaka mmoja ni mwembamba kama uzi, na ukikatika korodani hunyauka. Kisha hukata tundu dogo kwenye mfuko, hutengeneza nafasi chini ya ngozi, na kuiketisha humo. Nyuzi za kushonea huyeyuka zenyewe. Yote kwa yote ni kama saa moja.

Korodani iliyo juu tumboni ina habari nyingine. Huingiwa kwa kamera kupitia kitovu, na daktari huamua akiiona. Pengine inafika chini kwa mara moja. Pengine mishipa yake ni mifupi mno, na hapo hutumika mbinu iliyoandikwa na Robert Fowler na Douglas Stephens wa Melbourne mwaka 1959, ya kuifunga mishipa mikuu na kuiacha korodani iishi kwa damu ya mshipa mdogo unaofuatana na mrija wa mbegu. Mara nyingi hufanywa kwa awamu mbili zilizoachana miezi sita hivi. Na pengine kamera haikuti korodani kabisa, bali mishipa inayoishia hewani, kwa sababu ilijinyonga na kufa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Kujua hilo nako ni jibu, maana mtu hatatafutiwa tena kitu asichonacho.

Lakini mama wa Namtumbo au wa Marsabit anayeambiwa yote haya bado ana swali la nauli. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache na wamejazana mijini, kwenye hospitali kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kinaendelea kuwafundisha wengine, na korodani inayoshikika kinenani inaweza kurekebishwa na daktari wa upasuaji wa kawaida aliyezoea watoto, akiwepo mtu wa usingizi anayewajua watoto. Foleni ni ndefu, na mtoto asiyelia wala kuumwa husukumwa nyuma na wanaolia. Anayeingia kwenye foleni akiwa na miezi saba anaweza kuifikia meza kwa wakati. Anayeingia akiwa na miaka minne ameshachelewa hata kabla hajapewa namba.

Kuchelewa huko kunagharimu nini? Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliwafuatilia wanaume waliopasuliwa utotoni. Waliokuwa na tatizo upande mmoja, karibu asilimia 90 ya waliojaribu kupata mtoto walipata, na wenzao wasio na tatizo walikuwa asilimia 93. Tofauti ni ndogo. Waliokuwa na tatizo pande zote mbili walishuka hadi asilimia 65. Na hao walipasuliwa. Ambaye zote mbili zimebaki tumboni hadi utu uzima kwa kawaida hana mbegu kabisa.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa gumu katika nyumba zetu. Korodani ina kazi mbili, na joto huharibu moja zaidi ya nyingine. Mbegu hufa, lakini seli zinazotoa homoni ya kiume huvumilia. Kijana huyo hupata ndevu, sauti nzito, misuli, hamu, na chumbani hana kasoro. Yeye mwenyewe hana sababu ya kujishuku, na ukoo hauna sababu ya kumshuku. Ndoa ikifika mwaka wa tatu kimya, anayezungushwa kwa waganga ni mke, anayepimwa mirija ni mke, na anayeletewa mwenzake ni huyo huyo. Mume hufika maabara akiwa wa mwisho, akifika. Wapo wanaume wanaojua tangu utotoni kwamba mfuko wao una upande mtupu na hawajamwambia mtu yeyote, kwa kuwa lugha waliyopewa kuzungumzia sehemu hiyo ni ya matusi au ya utani wa kijiweni.

Saratani nayo ipo, ingawa isikuzwe kuliko ilivyo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa tatizo hili. Waliopasuliwa kabla ya kutimiza miaka 13 hatari yao ya saratani ya korodani ilikuwa kama mara mbili ya watu wengine, na waliopasuliwa wakiwa na miaka 13 au zaidi ilizidi mara tano. Saratani hiyo yenyewe ni adimu, kwa hiyo mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo. Katika watu wote hao waliopatwa walikuwa 56. Kinachosumbua ni kwamba uvimbe uliokua ndani ya tumbo hauguswi wala hauonekani hadi umekuwa mkubwa.

Kuna watoto wasiotakiwa kusubiri hata miezi sita. Mchanga anayeonekana wa kiume lakini korodani zote mbili hazishikiki apimwe mara moja, kwa sababu mmoja mmoja kati yao ni msichana mwenye ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, aliyejazwa homoni za kiume akiwa tumboni. Aina kali ya ugonjwa huo humpotezea mtoto chumvi mwilini, na katika wiki ya pili au ya tatu ya maisha anaweza kuanza kutapika, kuishiwa maji na kufa kabla mtu hajajua kulikuwa na nini. Vilevile mtoto ambaye korodani haijashuka na tundu la mkojo halipo mahali pake asitahiriwe, hata kama siku ya saba imefika na wageni wamealikwa. Ngozi ile ndiyo kitambaa ambacho daktari atakihitaji kurekebisha njia ya mkojo, na ngariba akishaitupa hairudi. Na mvulana wa umri wowote mwenye mfuko mtupu upande mmoja anayepatwa na maumivu makali ya ghafla kinenani, akitapika, anahitaji hospitali saa hiyo hiyo, maana korodani iliyokwama inaweza kujinyonga, na baada ya saa sita hivi nafasi ya kuiokoa huanza kupungua haraka.

Aliyeshapita hayo yote na ni mtu mzima bado ana la kufanya. Baada ya balehe korodani iliyokwama huwa imeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, na kama mwenzake ni mzima madaktari mara nyingi hushauri iondolewe, hasa kwa vijana. Zikiwa mbili zote juu, mazungumzo ni mengine, kwa sababu homoni bado inahitajika. Huteremshwa zikiwezekana, walau zifikike kwa mkono. Aliyepasuliwa utotoni ajikague mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto, akizungusha kila korodani kati ya kidole gumba na vidole viwili, akitafuta ugumu mpya usiouma. Umri wa kuwa makini zaidi ni kati ya miaka 15 na 40, na saratani ya korodani ikishikwa kabla haijasambaa, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona.